Maman, Kifuniko Kimepatikana

Maman,

Kwa heshima zote, na kwa niaba ya familia nzima, sisi tuliobaki hapa Cyangugu, yule aliye Ulaya, na yule ambaye mpaka leo hatujui tumweke upande gani, nakutangazia rasmi kwamba kifuniko cha sufuria ya bluu kimepatikana.

Najua umeshasema kilikuwa wapi kabla sijamaliza sentensi. Ndiyo. Kwa Maman Espérance, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, nyuma ya mlango wake, juu ya mtungi wa maji, na jiwe dogo limekikalia. Miaka yote ile ulipokuwa unamsalimia kanisani tu, kwa sababu pale Mungu anaangalia, na ukirudi huku mtaani unampita kama mtu anayepita nguzo ya umeme, kifuniko kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa kitanda chako. Lakini usianze kushangilia. Kifuniko ni mlango tu wa barua hii. Ndani kuna swali.

Swali lenyewe ni hili: ulipokuwa unakaa alfajiri kwenye ngazi ya nyuma, uso kwenye ziwa, ukiimba ule wimbo wako mmoja, ulikuwa unamwimbia nani?

Miaka yote nilifikiri najua. Ningeapa. Sasa sijui tena, na wewe umeondoka na jibu kama mtu aliyesafiri na ufunguo wa nyumba mfukoni.

Nikupe habari kwanza. Mwanao Placide amekuwa mtu mkubwa. Mwili bado ni ule ule wa kutundikia shati, ila jina limenenepa. Ulipokufa alikuwa Ubelgiji, kwa wale mapadri waliompeleka kusoma muziki, na hakupata njia ya kuja kukuzika. Alinipigia simu pale posta. Akalia, nami nikalia, na karani wa posta akatuangalia kwa huruma huku akiangalia saa. Kisha Placide akakata simu, akaenda kutunga. Wimbo wake unaitwa "Ng'ambo". Redio zinamwita mtunzi mashuhuri, Kigali, Bukavu, mpaka Bujumbura. Huku kwetu mtu hazikwi siku hizi bila "Ng'ambo". Familia isiyo na kwaya inaazima redio na kaseti. Kaseti zenyewe zinauzwa pale darajani, kwenye beseni moja na mayai ya kuchemsha.

Ungeusikia ungecheka, kisha ungeficha mdomo kwa kitenge. Wanawake wanaimba polepole sana, sauti ya chini, kisha wananyamaza. Wanaimba tena, wananyamaza tena. Ukimya wenyewe ni mrefu hata unasikia watu wakimeza mate. Placide alieleza redioni kwamba wimbo aliupata kwa mama yake, ambaye kila alfajiri alikaa akiangalia Bukavu ng'ambo ya ziwa, akimwita mume aliyebaki kule vitani. Ule ukimya, akasema, ni mume asiyejibu. Mtangazaji naye akanyamaza. Nilidhani betri zimekwisha.

Mara ya kwanza niliusikia sokoni Kamembe, nimeinama kwenye beseni langu. Kabla kwaya haijafika kwenye ukimya wa kwanza nilikuwa nimeshaujua. Nikainua macho. Wanawake wenzangu wanaouza sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, walikuwa wameinua macho wote. Hakuna aliyelia. Mmoja alisema tu, mikono yake ikiendelea na kazi:

"Eh, leo bavuvi balijaza."

Acha nikusomee somo lako, uone kama nililishika. Wavuvi wa kisiwa cha Nkombo wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa mbele. Wanarudi kunapopambazuka, wakipiga kasia kwa wimbo. Mmoja anatoa, wengine wanajibu. Mitumbwi ikiwa mitupu inateleza juu ya maji na wimbo unakimbia. Ikiwa imejaa sambaza inazama mpaka karibu na ukingo, kasia zinakuwa nzito, na wimbo unalala. Basi mwanamke wa sambaza hana haja ya kuona kitu. Anakaa kwenye ngazi yake, anafuata kwa mdomo pamoja na yule anayetoa, na pumzi yake mwenyewe inamwambia. Pumzi fupi: leo hakuna kitu, kimbia ukanunue kabla wenzako hawajafika. Pumzi ndefu: leo ziko nyingi, kunywa chai kwanza, waache wavuvi waanze kuogopa jua.

"Usisikilize maneno," ulikuwa unaniambia. "Maneno yabo ni ya kuchekesha bantu. Sikiliza mikono."

Hiyo ndiyo ilikuwa sala yako ya asubuhi. Samaki. Na hukuwa peke yako, kila mwanamke wa kazi yetu kando ya ziwa hili anaimba hivyo hivyo kwenye ngazi yake, kila mmoja na chai yake. Na tuseme ukweli kwa kuwa tuko wawili: hukuwa mwimbaji. Mkubwa wa kwaya ya parokia alikuomba kwa upole ushike bendera ya akina mama, kwa sababu bendera haina sauti. Uliishika miaka na miaka, shingo imenyooka, na hukujua kwa nini. Au ulijua. Hilo nalo ningependa kuuliza siku moja.

Placide angejulia wapi mambo ya sambaza? Alikuwa mtoto, na kabla hajabeba beseni hata moja alishakwenda seminari. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, dirisha likiwa juu ya ngazi yako. Alikuwa anaamka nusu, anasikia mama yake peke yake, karibu, polepole, na mitumbwi iko mbali huko kwenye ukungu. Alisikia upande mmoja wa mazungumzo. Mtu akisikia upande mmoja wa simu hutunga upande wa pili mwenyewe, nimewaona watu posta.

Na cha kutungia alikuwa nacho. Nani asiyejua habari ya Papa? Wewe ulisema tunarudi Rwanda. Mimi na Placide tulizaliwa Kadutu, juu kule Bukavu, tukajiuliza mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika, lakini tulibeba magodoro tukarudi. Papa alibaki kwanza. Alikuwa na suruali za watu. Fundi cherehani hawezi kuvuka mpaka na suruali za watu ambazo hazina zipu, alisema, nchi itaanza vibaya. Alikuwa anakuja Jumamosi, anatembea darajani na mkate chini ya kwapa, anarudi Jumapili baada ya misa. "Nikimaliza hizi nakuja na mashine," alikuwa anasema, na kila Jumamosi kulikuwa na suruali nyingine.

Halafu vita ikaanza kule. Tulisikia milio ikivuka maji kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa bati. Watu walivuka na watoto, na mbuzi, mwingine na mlango wa nyumba yake mgongoni. Papa hakuvuka. Kulipotulia ulikwenda kumtafuta, ukarudi jioni, ukavua viatu, ukasema maneno mawili tu:

"Mashine haiko."

Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi, Maman. Kama mashine haiko, je, aliondoka nayo, au iliondoka na watu wengine? Mtu anayekimbia risasi habebi cherehani. Lakini Papa angeibeba. Naona ulifikiri hivyo pia, ndiyo maana hukuvaa nguo za mjane hata siku moja, na wanaukoo wakasema unajifanya msichana.

Sasa nije kwenye shida yangu. Placide alituma habari kwamba anakuja kujengea kaburi lako. Sio msalaba wa mbao kama ule niliokuwekea mimi, ambao mvua ya kule makaburini Mururu iliinamisha kidogo kidogo mpaka ukawa unamsalimia kila anayepita. Saruji, vigae, na jiwe lenye maandishi. Kwaya nzima kutoka Kigali, watu wa redio, wakubwa. Aliniomba mambo mawili. La kwanza, nitafute kifuniko cha sufuria ya bluu, kwa sababu amewaambia watu kwamba mapigo yake ya kwanza aliyapiga juu yake kwa mwiko, na kule makumbusho ya Kigali wanataka kukiweka ndani ya kioo. Mapigo ni kweli. Ulimchapa kwa ajili yake. La pili, nisimame kanisani baada ya wimbo, mimi dada mkubwa niliyekuwa nyumbani, nishuhudie vile ulivyokuwa unamwimbia Papa.

Nililala na hilo la pili kama mtu aliyelala na jiwe chini ya mkeka. Nikisema samaki, nimemvunja Placide mbele ya kwaya yake na mbele ya wakubwa, na nimemnyang'anya Papa wimbo wake. Maana Papa hana kaburi, Maman. Wimbo ule ndio kaburi lake, watu wanaupitia na kuvua kofia. Na nikisema Papa, nasema uongo kanisani, wanawake wote wa sambaza wamekaa mbele yangu na mikono kwenye magoti, na kesho yake alfajiri nakwenda nao ziwani. Wangenisalimia kwa adabu sana. Adabu ya namna hiyo naijua, wewe ulimpa Maman Espérance.

Nilianza na rahisi, nikaenda kutafuta kifuniko.

Unakumbuka kilivyopotea. Wiki ile watu walipokuwa wanavuka, nyumba yetu ilijaa wageni na ya Maman Espérance ilijaa wageni, vyombo vikapita juu ya ukuta kwenda na kurudi, sufuria, vijiko, ndoo. Watu walipoondoka, ukahesabu, kifuniko hakuna. Ukasema ni yeye. Yeye akasema kifuniko alicho nacho ni chake tangu arusi yake. Ukasema arusi gani. Pale ndipo urafiki ulipoishia.

Basi nikabisha hodi. Placide alikuwa ameshafika, gari lake limesimama barabarani na watoto wamelizunguka. Maman Espérance alikuwa anachambua maharage. Hakuinuka.

"Umetumwa na marehemu?" akaniuliza.

Nikamwambia nimetumwa na redio.

Alicheka, yule mama, mpaka ungo ukatikisika. Akaniambia niketi. Nikamwuliza kuhusu kifuniko, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikamwuliza na kuhusu wimbo. Unajua mimi shule niliiacha ng'ambo pamoja na dawati. Nilichonacho nilikisoma kwenye magazeti ya kufungia sambaza, ndiyo maana najua mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa machache. Safari hii nilitaka nifike mwisho wa ukurasa.

"Mama yako Consolata alikuwa anaimba ya bavuvi," akasema. "Wote tunaimba ya bavuvi. Na yeye alikuwa anaiharibu." Akachambua kidogo. "Lakini sikuelewa ile ya wakati ziwa ilifungwa."

Nikamwuliza ipi.

Hapo ndipo nilipokumbuka, Maman. Wakati wa vita ya pili askari walifunga ziwa. Hakuna mtumbwi kutoka, hakuna taa kuwashwa majini. Tulikula mihogo na maharage kutoka Nyakarenzo mpaka tukasahau harufu ya samaki, na wewe ukaanza kuuza chumvi. Ziwa lilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa. Na kila alfajiri ulikuwa unakaa kwenye ngazi, na chai yako, unaimba. Polepole, kama mitumbwi imejaa. Nilikuwa nakupita nikienda kuchota maji. Nilikuwa nakupita kila asubuhi, na mimi, ambaye najifanya naangalia kila kitu, sikuwahi kujiuliza unamfuata nani.

Maman Espérance yeye alijiuliza. Mlikuwa hamsemezani, lakini ukuta ni mfupi. Alisimama upande wake akakutupia swali:

"We Consolata, ziwa imefungwa. Pirogi haiko hata moja. Juu ya nini unasikiliza?"

Nawe, anasema, hukugeuka. Ulimjibu, mara ya kwanza tangu habari za kifuniko:

"Najua haiko. Nasikia vile haiko."

Kisha ukaendelea.

Alinitazama, nikamtazama. Nilitegemea yeye aniambie maana yake, naye inaonekana alikuwa ameningojea miaka yote nimwambie mimi. Akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akatoa jiwe, akachukua kifuniko, akakifuta maji kwa kitenge chake. "Chukua," akasema. "Nimechoka kuitwa mwizi na muntu mwenye amekufa." Akafunika mtungi kwa sahani.

Sasa kanisani. Nikueleze vizuri kwa sababu najua ungetaka kujua nani alikaa wapi. Mbele wakubwa na watu wa redio. Nyuma yao wanaukoo, wale wale waliosema unajifanya msichana, wameshika vitambaa vya kulilia vimepigwa pasi. Upande wa kulia wanawake wa sambaza, tumevaa vizuri, na bado watu wa mbele waligeuka kunusa. Bendera yako ilikuwa pale, kaishika mwanamke mwingine, anaiinamisha. Na kwenye mabenchi ya mwisho kabisa, wavuvi wa Nkombo. Walikuja na mitumbwi yao, na mashati ya Jumapili, pamoja na Mzee Karoli ambaye alikuwa anatoa wimbo kwenye mitumbwi uliyokuwa unanunua. Hakuna aliyewaalika. Walisema tu kwamba ulikuwa mteja mgumu na wanataka kuhakikisha.

Placide akasimama mbele ya kwaya, akainua mikono. Amepata mvi kidogo hapa pembeni, Maman, na anainua mikono kama wewe ulipokuwa unaanika nguo. Wanawake wa kwaya wakaanza. Polepole, chini, vile vile. Nilisahau kila kitu nilichopanga. Karibu yangu Maman Espérance akaninong'oneza, "Leo bei itashuka," na alikuwa analia.

Kwaya ikafika kwenye ule ukimya. Placide akasimamisha mikono hewani.

Na kutoka nyuma, wavuvi wakajibu.

Sidhani walikusudia. Mtu aliyepiga kasia tangu ujana wake akisikia mstari ule, kifua chake kinajibu kabla hajaulizwa. Sauti nzito, za wanaume, zote kwa pamoja, na mabega yakaenda mbele na kurudi, shati kwa shati. Walipomaliza walishtuka wenyewe. Mmoja aliziba mdomo. Wakubwa waligeuka. Mtu wa redio aligeuza mashine yake, nusura imdondoke.

Nilimwangalia Placide. Mgongo wake ndio niliokuwa nauona. Masikio yakawa mekundu kama alipokuwa mdogo ukimkuta na mwiko mkononi. Alielewa, Maman. Pale pale, mikono iko juu, alielewa kwamba ukimya wake haukuwa ukimya, ilikuwa nafasi ya watu wengine, na watu hao wameingia. Wanawake wa kwaya walikuwa wanamwangalia wajue kama kuna msiba mwingine. Naye akafanya jambo ambalo nitamheshimu nalo mpaka nikufuate: akageuka upande, mkono wa kulia akauacha kwa wanawake, wa kushoto akawapa wavuvi. Akawaita waingie. Wakaingia. Mstari, jibu, mstari, jibu, mpaka mwisho, na kanisa lilikuwa linazama kidogo kila mara, naapa, kama mtumbwi ulioshiba.

Watu wa redio wamesema baadaye kwamba ulikuwa mpango wa mtunzi. Hajakanusha. Ni mwanao.

Halafu wakaniita nishuhudie. Nilitembea mpaka mbele, nikaona kila mtu: Placide na masikio yake, wanawake wa sambaza na mikono magotini. Hotuba niliyotunga ilikuwa imeshakimbia. Nikasema hivi, nakupa neno kwa neno kwa sababu yalikuwa machache:

"Maman alikuwa anaimba mstari, halafu anaacha nafasi. Mitumbwi ikiwepo, nafasi inajazwa. Ziwa lilipofungwa hakukuwa na mtumbwi, na aliacha nafasi vile vile, kwa urefu ule ule. Sijui zilikuwa za nani. Lakini hakuzijaza mwenyewe hata siku moja."

Nikarudi kukaa. Maman Espérance akanisogezea nafasi kwenye benchi. Kati ya wanawake wa sambaza, mmoja aliinamisha kichwa kama anavyoinamisha mtu akikubali bei.

Jioni, wakubwa walipokwisha kula na kuondoka, Placide alikaa kwenye ngazi yako na viatu vyake vya Ulaya. Akaniuliza, "Goretti, ulijua?" Nikamwambia nilijua nusu. "Samaki?" Samaki, nikamwambia. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaendelea kujifuta bila kucheka. Nikamwambia na ile nusu ya pili, yale uliyomjibu Maman Espérance. Alinyamaza, na safari hii ulikuwa ukimya wake mwenyewe, hakuuazima kwa mtu.

Alikuwa amemkamata Mzee Karoli kabla hajarudi Nkombo, akamwuliza maneno ya ule mstari yana maana gani, kwa maana ni Kihavu cha kule kisiwani na wewe ulikuwa unayatafuna. Mzee alikuna kidevu. Yule anayetoa, alisema, anauliza tu kama watu wote wako, na wale wanajibu kwamba wako. "Ni juu ya usingizi," akasema. "Muntu akisinziya pale ndani ya maji, tunamupoteza." Ndiyo maana wanauliza tena na tena mpaka wafike.

Nawe uliniambia nisisikilize maneno. Sasa nakaa najiuliza kama uliniambia hivyo kwa sababu maneno ni upuuzi, au kwa sababu hukutaka nisikie unavyouliza.

Sitajua. Nimeanza kuzoea kutojua, ingawa si vizuri, kwa sababu natamani hata sasa uinuke uniambie kwa ile sauti yako ya hasira, "Goretti, ilikuwa samaki tu, toka hapa." Ningeamini nusu.

Jiwe lako ni zuri. Placide alikuwa amepanga liandikwe kwamba uliimba ukimngojea mumeo, lakini Jumatatu alikwenda kwa fundi akamwambia aandike jina lako tu, na chini aache nafasi. Fundi aliuliza nafasi ya nini. Placide akamwambia ya Papa. Fundi akasema nafasi haipunguzi bei.

Lala, Maman. Hiyo "lala" ndiyo bembelezo lako lote, uliitoa kwa sauti ya kuagiza, nasi tulilala. Nakuahidi nitaendelea kukaa kwenye ngazi alfajiri, nikiacha nafasi kwa urefu ule ule ulioniachia, ziwa likifungwa na likifunguliwa. Nakuahidi kumsalimia Maman Espérance hata siku ambazo si za kanisa, na kumpelekea sambaza za kwanza mpaka azikatae. Hilo la mwisho nalifanya kwa ajili yako zaidi kuliko yake.

Maana kuna jambo moja sikulitangaza pale mwanzo. Kifuniko sasa kiko Kigali, ndani ya kioo, na taa yake ndogo, na jina lako chini. Lakini siku ile nilipokitoa kwa Maman Espérance nilipita nacho jikoni kwanza, nikakijaribu juu ya sufuria ya bluu.

Kinazama ndani, ni kidogo mno. Ni cha Maman Espérance.